Kishi ya Ukurasa wa Sitini na Nne

Kwa miaka ishirini na sita nimeishi kwa makosa ya watu wengine. Kazi yangu ni kusoma prufu katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Kurasa zikitoka kwa mpangaji, kabla hazijaingia mtamboni, zinapita mezani kwangu, nami nazipitia neno kwa neno na kalamu nyekundu mkononi. Herufi iliyorukwa, nukta iliyopotea, mtu aliyekufa ukurasa wa kumi akaonekana anakunywa chai ukurasa wa thelathini, wote hao nawakamata. Kazini wananiita Koma. Nilidhani ni kwa sababu ya ile alama, maana naipenda na siigawi ovyo. Ilipita miaka kama kumi ndipo fundi mmoja wa mtambo akaniambia kwamba wenzangu walikuwa wanaitamka kama amri.

Ningekuwa mtu wa kuiacha kazi kazini, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nimewahi kusahihisha kadi ya harusi nikamrudishia aliyenialika. Nimewahi kukaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, nikimweleza kwamba kwenye bango lake la mlangoni neno "nywele" limekosa y. Nusu ya pili aliinyoa kwa hasira na ilionekana hivyo. Mke wangu, ambaye anafanya kazi duka la dawa, anasema hata nikikoroma nasimama kwenye mkato. Barua nilizomwandikia wakati wa uchumba bado anazo. Anasema hazikuwa na kosa hata moja, na ndiyo maana ilimchukua muda kuelewa kwamba zilikuwa za mapenzi.

Jikoni, kwa upande mwingine, nilikuwa mgeni. Chai naweza. Yai la kuchemsha naweza nikiwa na saa.

Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, tulichapa kitabu cha mapishi cha mwalimu mmoja mstaafu wa sayansi kimu. Ukurasa wa sitini na nne kulikuwa na kishi ya mboga. Kwa asiyeijua, na mimi nilikuwa mmoja wao, kishi ni pai isiyo na kifuniko: bakuli la unga uliokandwa na siagi, ndani yake mboga, mayai, maziwa na jibini, vyote vikaokwa mpaka vigande. Mwalimu aliliandika neno hilo "kichi". Mpangaji wa kurasa akaliandika "kishi". Kompyuta, kwa busara zake, ikaligeuza kuwa "kisha" kila lilipo, tukapata sentensi isemayo, "Kata kisha ikiwa bado ya moto." Nilitumia siku nzima juu ya neno hilo moja. Nilifungua kamusi nne. Niliandika waraka wa ukurasa mmoja na nusu kuitetea sh dhidi ya ch, na bosi aliusaini bila kuusoma ili nitoke ofisini kwake. Kishi ikashinda, nami nikarudi nyumbani kichwa kimenivimba hadi mke wangu akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Basi, Jumanne moja asubuhi, akaingia kiwandani mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Alikuwa fundi wa kushona mapazia. Mkononi alibeba mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na bati la kuokea lililofunikwa kwa taulo la jikoni. Aliuliza mwenye kiwanda yuko wapi, akaelekezwa kwa bosi, naye bosi akaniita.

"Sikuja kugombana," alisema yule fundi. "Nimekuja na ushahidi."

Akafunua taulo. Juu kulikuwa na ngozi ya kahawia, na alipoliinamisha bati kidogo, maji ya kijani yakatiririka kutoka chini yakakusanyika pembeni. Unga sikuuona.

"Mdogo wangu alitimiza miaka arobaini juzi Jumapili," alisema. "Nilialika watu kumi na wawili. Nimefuata kitabu chenu mstari kwa mstari, ukurasa wa sitini na nne. Wageni wameila kwa vijiko."

Bosi wetu ni mama wa maneno machache. Aliliangalia bati, akaniangalia mimi. "Koma, hiki kitabu si ulikisoma wewe?"

"Mara tatu," nilisema. "Hakina kosa." Hapo ningenyamaza ningekuwa nimesema uongo mmoja tu, tena bila kujua. Lakini nikaendelea. "Mapishi yana mkono, mama. Pengine kipimo kilizidi mahali. Maandishi yenyewe ni safi."

Fundi alivaa miwani yake, akanipima kuanzia viatu kwenda juu, kama dirisha. "Umekisoma mara tatu," alisema. "Umekipika mara ngapi?"

Mimi ninayelipwa kwa ajili ya maneno nikatoa sauti ya bomba lililokatiwa maji.

"Mama," bosi alimwambia, "njoo Jumatatu saa sita mchana. Koma ataleta ya kwake, aliyoipika mwenyewe, kwa kitabu hiki hiki, bila kusaidiwa na mtu."

"Hakuna tatizo," nilisema. Mtu aliyenifahamu angejua kwamba hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Jumamosi asubuhi mke wangu alinikuta nimesimama katikati ya jiko letu, ambalo watu wawili wakipishana lazima mmoja avute pumzi ndani. Kitabu nilikuwa nimekiegemeza kwenye birika. Yeye alikuwa anaondoka kwenda kazini.

"Unga tunauweka wapi?" nilimwuliza.

"Nyumba hii tulihamia mwaka gani?"

Nikamtajia.

"Basi tangu mwaka huo uko palepale," alisema, akachukua mkoba wake akatoka.

Niliupata baada ya kufungua makabati yote, na la kwanza kulifungua ndilo lililokuwa nao, ila nyuma ya chumvi. Nikachekecha unga kama kitabu kilivyosema. Nikakata siagi vipande vidogo. "Sugua siagi baridi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chenga za mkate." Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaridhika kwamba upatanisho wa sarufi uko sawa, nikatumbukiza mikono yote miwili hadi kwenye vifundo. Nina mikono ya moto. Siagi ikayeyuka, unga ukanivaa kama glavu, na wakati huohuo simu ikaita. Niliipokea kwa kiwiko. Ilikuwa kampuni ya kuuza magodoro.

Kitabu kinasema unga ukishashikana upumzishwe kwenye friji nusu saa. Niliupumzisha, nikapumzika na mimi, na kati yetu sijui nani alikuwa amechoka zaidi. Kifimbo cha kusukumia sikukiona. Kilikuwa kwenye droo niliyokuwa nimeiegemea. Nikatumia chupa ya siki. Nilitarajia duara, nikapata umbo ambalo lina pembe saba, nami nikalibandika kwenye bati vipandevipande kama mtu anayeziba nyufa za ukuta.

Zikaja mboga. Kitunguu, karoti na pilipili hoho nilivikata kwa uangalifu mkubwa, kila kipande nikikilinganisha na mwenzake, hata fungu moja la spinachi na karoti mbili vikanila saa nzima. Nikavikaanga. Spinachi ilianza ikiwa mlima, ikaisha ikiwa kiganja kimoja kilicholowa, nikaitupa humo na maji yake, maana hakuna mahali ukurasa ulipoandika "kamua". Nikapiga mayai manne na maziwa, nikatia jibini niliyokuna pamoja na ngozi kidogo ya kidole changu, nikamimina kila kitu ndani ya bati, nikalisukuma ndani ya oveni. Dakika arobaini. Niliifungua oveni mara nane kuangalia kama bati bado limo.

Iliyotoka ilikuwa pacha wa ile ya fundi wa mapazia. Ngozi ileile ya kahawia, maji yaleyale ya kijani. Sasa nataka nieleze nilichofikiri, ingawa hakinipendezi. Sikufikiri kwamba kitabu kina kosa. Nilifikiri: ajabu iliyoje, watu wawili wasiojuana kukosea kitu kimoja kwa namna ileile.

Mke wangu alirudi saa nane mchana. Bila kuvua koti lake jeupe la kazini alichukua uma, akachimba katikati, akainua, akachungulia chini.

"Chini hakujaiva," alisema.

"Kitabu kinasema dakika arobaini."

"Sijasema kitabu kinasema nini. Nimesema chini hakujaiva." Akala sehemu ya juu, akaacha iliyobaki, akaosha uma wake mmoja. "Mpigie aliyekiandika. Mimi mtu akija na dawa haimponyi, namwuliza daktari. Sigombani na chupa."

Nikampigia mwalimu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia napiga kuhusu kishi.

"Kichi," alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Haiivi chini."

"Nisomee hatua zako."

Nikamsomea. Kuchekecha, kusugua, kupumzisha, kusukuma na kutandaza kwenye bati. "Hatua ya tano," nilisema, "piga mayai pamoja na maziwa."

"Hiyo ni ya sita."

"Hapa ni ya tano, mwalimu."

"Kwenye daftari langu ni ya sita. Ya tano ni hii: tandika karatasi juu ya unga, jaza maharage makavu ili usiumuke, oka dakika kumi na tano, ondoa maharage na karatasi, oka tena dakika tano. Ndipo unaweka mayai. Bila hivyo utakunywa uji."

Nikaukagua ukurasa. Hatua hiyo haikuwepo. "Pengine uliisahau kwenye mswada," nilimwambia, kwa ule upole wa mtu anayesamehe.

"Mwanangu," alisema, "hatua hiyo nimeifundisha miaka thelathini na moja. Jina langu naweza kulisahau. Siku njema."

Kama si mwalimu, basi ni mpangaji wa kurasa. Kijana yule, nilijiambia, huwa anafanya kazi huku anasikiliza mpira. Nilianza kumtungia barua kichwani, barua kali lakini ya haki, yenye aya tatu.

Jumapili nikaanza upya. Mke wangu alikaa kwenye kigoda mlangoni na gazeti lake. Alisema hamsaidii mtu, kwa kuwa bosi amekataza. Alikuwa anazungumza na friji tu.

"Friji," alisema, "mtu mwenye mikono ya moto angeichovya kwanza kwenye maji baridi akaifuta."

Nikachovya mikono. Siagi ikakaa kipandekipande, na unga ukawa chenga kweli.

"Friji, ningekuwa na spinachi iliyojaa maji, ningeiweka kwenye kitambaa nikaikamua kama nguo."

Nikaikamua. Kikatoka kikombe kizima cha maji. Nilikitazama kikombe kile kwa muda, kwa sababu jana yake nilikuwa nimekioka.

Baadaye aligundua kwamba friji halisikii vizuri, akainuka akafungua droo, akaniwekea kifimbo mkononi. Hilo sijamwambia bosi mpaka leo.

Nilitandika karatasi, nikamwaga maharage makavu, nikaoka, nikayatoa, nikaoka tena. Unga ulitoka na rangi ya biskuti. Ndipo nikaweka mboga, jibini, mayai na maziwa, na safari hii niliufungua mlango wa oveni mara tatu tu. Ilipotoka, kingo zilikuwa za dhahabu, katikati panatikisika kidogo, na nilipogonga chini ya bati kwa ukucha nilisikia sauti ya kitu kikavu. Nilizunguka meza. Nilimwomba mke wangu aizunguke pia. Alizunguka nusu, akasema imetosha, kesho kazini wataimalizia.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya wote. Nikaiweka kishi mezani kwangu, nikaenda stoo tunakohifadhi prufu za zamani, kutafuta ushahidi wa kumtia mpangaji hatiani. Faili nililipata upesi, kwa sababu mafaili nayapanga mwenyewe. Prufu ya kwanza, ukurasa wa sitini na nne: hatua ya tano ilikuwepo, nzima, na maharage yake. Prufu ya pili: hatua ya tano imepigwa mstari mwekundu ulionyooka kama wa rula. Pembeni kulikuwa na maneno mawili. "Marudio. Ondoa."

Ulikuwa mwandiko wangu. Neno "oka" lilikuwa limetokea hatua ya tano na tena hatua ya nane, nami niliona mwalimu anajirudia. Hatua zilizofuata nilikuwa nimezipa namba upya, namba nzuri za duara, na chini kabisa kulikuwa na alama ndogo ya vema, ile ninayojiwekea mwenyewe ninapokuwa nimependezwa na kazi yangu. Tarehe ilikuwa ya siku ileile ya waraka wa sh na ch.

Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Sitasema kwamba nilijuta papo hapo. Kwanza niliangalia kama prufu ile inachanika kwa urahisi. Halafu nikafikiria kwamba hakuna anayeingia stoo ila mimi, kwamba kishi niliyonayo ni nzuri, na kwamba nikinyamaza nimeshinda. Nikalirudisha faili mahali pake.

Saa sita fundi wa mapazia alifika. Bosi alileta kisu na sahani tatu. Tukakata, na ilikatika vizuri, kipande kikasimama chenyewe. Fundi alikigeuza akatazama chini yake, akagonga kwa ukucha, akala. Alitafuna taratibu, macho kwenye sahani.

"Imeiva," alisema. Akaiweka sahani chini. "Basi ni mkono wangu. Mdogo wangu aliniambia mbele ya watu, wewe shona mapazia, kupika waachie wengine. Nikamnunia wiki nzima. Kumbe alisema kweli."

Bosi alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mimi nilikuwa na kipande mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kosa na sikutaka kulisahihisha. Lakini mazoea ya miaka ishirini na sita hayaombi ruhusa. Sikuwa na ujasiri wowote. Ni kama mtu anayewashwa. Sentensi ile, "Basi ni mkono wangu," ilikaa pale hewani ikiwa si sahihi, nami sikuweza kumeza.

"Mama," nilisema, "hii haikutoka ukurasa wa sitini na nne."

Nikaenda stoo, nikarudi na prufu, nikaiweka kati ya sahani. Fundi alivaa miwani. Bosi alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Marudio," fundi alisoma kwa sauti. "Ondoa." Akapitisha kidole juu ya maneno. "Nani huyu ana mwandiko mzuri hivi?"

"Mimi," nilisema.

Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nimekaza shingo kabisa. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, kwa muda mrefu, mpaka sindano moja ikachomoka kwenye ukosi ikadondoka, na sote watatu tukajikuta chini ya meza tunapapasa sakafu. Hapo chini, magoti yetu yakigusana, ndipo bosi alipotoa hukumu.

"Utaandika masahihisho," alisema. "Na utayabandika wewe."

Niliyaandika mchana uleule. Yalikuwa na aya mbili, ya kwanza ikieleza kwa kirefu jinsi kosa linavyoweza kumpitia hata msomaji makini. Fundi alikuwa hajaondoka. Alikuwa anakula kipande cha pili. Aliomba aone. Akaomba na kalamu.

"Hapa umeandika maharage tu," alisema. "Mtu kama wewe atayachemsha." Akaongeza neno "makavu". Kisha akaipiga mstari aya ya kwanza yote, kutoka juu hadi chini, na pembeni akaandika neno moja. Marudio.

Ghalani kulikuwa kumebaki nakala mia nne na kumi na moja. Siku tatu nilizunguka na gundi na vipande vya karatasi, nikibandika kimoja kimoja, huku mpangaji wa kurasa akipita mara nyingi kuliko kazi yake ilivyohitaji. Nilimpigia mwalimu pia. Nilimwamkia, nikamwambia ni mimi niliyeifuta.

"Nilijua," alisema. "Nimewaona wengi wanaolaumu daftari. Na ni kichi."

Sikubisha. Ni kishi, lakini sikubisha.

Fundi wa mapazia aliipika tena kwa mdogo wake, watu wawili tu safari hii. Alinitumia ujumbe kwamba imeiva na wamepatana, ila mdogo anasema chumvi ilipungua. Aliniuliza kama chumvi nayo niliifuta. Nilikwenda stoo kuhakikisha kabla ya kumjibu. Sikuifuta.

Bosi naye ameweka sheria mpya, na inanihusu mimi peke yangu: kitabu chochote kinachomwelekeza mtu kufanya jambo, sikipitishi mpaka nimelifanya. Mwezi uliopita kilikuja cha kutengeneza baiskeli. Sasa hivi mezani nina mswada wa kufuma soksi. Jioni nakaa sebuleni na sindano nne na donge la sufu ya bluu, nahesabu vitanzi kwa sauti, na mke wangu ananikataza kuhesabu wakati wa taarifa ya habari. Nimefika kwenye kisigino. Jana aliichukua soksi, akaivuta huku na huku, akaniuliza kama kuna mtu tunayemfahamu mwenye mguu wa namna hiyo.